Chipsi za mkahawani zina dawa gani? Jibu kwa mama wa Ruiru

Mama wa watoto watatu anayeishi Ruiru ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari yako. Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani tuliwapeleka watoto kula kuku na chipsi kwenye mkahawa ulio ndani ya jumba moja la maduka kando ya Thika Road, ile mikahawa yenye matawi kila mahali. Sisi watano tulilipa shilingi 3,400. Chipsi zilikuwa ndefu, zote rangi moja ya dhahabu, nje kavu, ndani laini. Mimi nikinunua viazi kwa mama mboga na kukaanga nyumbani, zangu hutoka na ncha nyeusi, zinakunywa mafuta, na zinalegea kabla hazijafika mezani. Mtoto wangu mkubwa ameniambia zangu si chipsi za ukweli. Dadangu naye anasema za mkahawani hutiwa dawa, ndiyo maana hazibadiliki. Ni kweli? Na viazi hivyo hutoka wapi, maana sijawahi kuviona sokoni?"

Dada, nimefanya kazi na viazi miaka mingi, kwanza kwenye maabara ya kiwanda, kisha darasani. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, lakini ni wachache walionieleza tatizo kwa makini kama wewe. Ncha nyeusi, kunywa mafuta na kulegea ni mambo matatu, na kila moja lina chanzo chake. Nitaanza na weusi, kwa sababu ukiuelewa huo utaelewa pia kwa nini viazi vya mkahawani hukuvikuta sokoni.

Kiazi ni maji kwa takriban asilimia 80. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga, na pembeni ya wanga kuna sukari kidogo, glukosi na fruktosi. Sukari hizo zikikutana na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ndani ya mafuta ya moto, chipsi hupata rangi na harufu tunayoipenda. Sukari ikiwa kidogo, rangi ni dhahabu. Ikizidi, chipsi hugeuka kahawia, kisha nyeusi, na uchungu huingia. Hakuna ufundi wa mpishi utakaookoa kiazi kilichojaa sukari. Akipunguza moto ili kisiungue, chipsi zitakaa sana kwenye mafuta na kulegea. Akiuongeza, zinaungua nje kabla ndani hakujaiva. Na ncha huanza kuungua kwa sababu ni nyembamba, tena mara nyingi sukari hujikusanya upande ule ambao kiazi kilishikana na mmea, hasa kama shamba lilipata ukame na joto kiazi kikiwa bado kinakua.

Sasa sukari hiyo hutoka wapi? Naomba ujibu kwa dhati: viazi vyako unaviweka kwenye friji? Watu wengi wa mjini hufanya hivyo wakidhani wanavitunza. Kiazi kikikaa mahali penye baridi chini ya nyuzi 8 hivi, huanza kuugeuza wanga wake kuwa sukari. Friji ya nyumbani iko karibu na nyuzi 4. Baada ya wiki mbili humo, hata kiazi bora kitakutia aibu mbele ya watoto.

Kama huviweki kwenye friji, basi tuzungumze kuhusu aina. Viazi ulivyopewa na mama mboga, nina hakika karibu kabisa, ni Shangi. Hii ndiyo aina iliyotawala masoko ya Kenya, na haikutawala kwa bahati. Mkulima huipenda kwa sababu hukomaa mapema, miezi mitatu hivi, na huzaa vizuri. Mpishi huipenda kwa sababu huiva upesi na kuokoa makaa. Kwa mchuzi na kwa mukimo, mimi mwenyewe sitafuti nyingine. Lakini Shangi haina usingizi mrefu. Kila kiazi kikichimbwa hulala kwa muda kabla ya kuchipua, na Shangi hulala wiki chache tu. Kikianza kuamka, wanga wake huvunjwa uwe sukari ya kulisha machipukizi. Ndiyo maana gunia lile lile lililokupa chipsi safi juma la kwanza linakupa ncha nyeusi juma la tano. Tena umbo lake ni fupi, na macho yake yameingia ndani. Ukimaliza kumenya na kuyachokoa, kilichobaki hakiwezi kutoa chipsi ndefu hata ukate kwa rula.

Chipsi mlizokula Jumapili zilianza safari yao mahali pengine kabisa. Zilikatwa kiwandani, zikakaangwa kidogo, zikagandishwa, na zilifika jikoni kwa ule mkahawa zikiwa ngumu kama barafu. Viwanda vya namna hiyo huchagua viazi virefu vyenye uzito mkavu wa asilimia 20 hadi 24, yaani wanga mwingi na maji machache. Aina kama Markies, yenye asili ya Uholanzi na sasa inalimwa hapa Kenya pia, ni mfano mzuri: kiazi kikubwa, na hulala muda mrefu ghalani. Uzito huo mkavu ndio jibu la malalamiko yako ya pili. Chipsi inapokaangwa, maji hutoka kama mvuke na kuacha vijitundu, na mafuta huingia humo. Kiazi chenye maji mengi huacha nafasi kubwa ya mafuta. Kwa hiyo chipsi zako hazikunywa mafuta kwa sababu ulimimina mengi; zilianza na maji mengi, na huenda mafuta yalikuwa hayajapata moto wa kutosha.

Kiwandani viazi humenywa kwa mvuke, kisha husukumwa na maji kwa kasi ndani ya bomba, vikapita katikati ya visu. Hivyo ndivyo kila kipande hupata unene mmoja, na vipande vya unene mmoja huiva pamoja. Baada ya hapo huingizwa kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 85. Hatua hii ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa kazi nzima, kwa sababu maji hayo huchukua sukari ya juu na kuuivisha wanga wa nje kidogo, na wanga huo ndio baadaye hugeuka ganda kavu.

Hapa ndipo dadako aliposikia nusu ya habari. Ni kweli kuna kitu huongezwa, mara nyingi viwili. Cha kwanza ni chumvi ya fosfeti iitwayo pairofosfeti ya sodiamu, iliyo kwenye orodha ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa namba 450. Umewahi kuchemsha viazi ukaviacha, ukarudi ukakuta vimeingia ukijivu? Madini ya chuma yaliyomo kwenye kiazi yamekutana na asidi ya kiazi chenyewe. Fosfeti huishika ile chuma, weusi usitokee. Cha pili ni deksitrosi, ambayo ni glukosi tu. Kiwanda huosha sukari ya asili, ambayo hutofautiana kutoka kiazi hadi kiazi, kisha hurudisha nyingine kwa kipimo. Basi chipsi za Januari na za Agosti, za tawi la Thika Road na la Mombasa, zote hutoka rangi moja. Baada ya hapo hukaushwa, hukaangwa kama dakika moja, na kugandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri.

Je, hizo ni dawa? Ninaelewa hofu yenu. Mwaka 2019 televisheni ilionyesha nyama ya supamaketi ikitiwa sodiamu metabaisalfaiti ili ionekane mbichi, na tangu hapo mama wa Kenya ana haki ya kuuliza kila kitu. Lakini mambo haya mawili hayafanani. Kule mtu alificha uozo. Huku fosfeti haifichi chochote kilichoharibika wala haizuii chipsi kuoza. Kinachozihifadhi ni baridi. Viambato hivyo huandikwa kwenye pakiti, na ukinunua chipsi za kugandishwa supamaketi unaweza kugeuza mfuko ukavisoma. Nitasisitiza jambo moja tu: kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze fosfeti, chipsi za aina hii na nyama za kusindikwa ziwe kwenye orodha yake ya kuulizia.

Mwenye mkahawa anazipenda kwa sababu nyingine. Fikiria Jumapili saa saba mchana, makanisa yametoka, foleni imefika mlangoni, na watoto wanalia njaa. Kumenya magunia ya viazi wakati huo haiwezekani. Chipsi za kugandishwa hutumbukizwa moja kwa moja kwenye mafuta ya nyuzi 175 hivi, kengele hulia baada ya dakika tatu, na kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita hutoa chipsi sawa na za mpishi wa miaka kumi. Hutiwa chumvi mbali na mafuta, kwa kuwa chumvi huyaharibu mafuta upesi. Huwekwa chini ya taa ya joto, na zikipita dakika chache bila mnunuzi zinapaswa kutupwa, kwa sababu zenyewe pia hulegea. Ukitaka za moto kabisa, omba zisizotiwa chumvi. Itabidi wakukaangie nyingine, nawe utatia chumvi kiasi unachotaka watoto wako wale. Kwa afya yao ningekushauri hivyo hata kama zingekuwa za moto tayari.

Umeuliza viazi hivyo hutoka wapi. Siwezi kusemea kila mkahawa, na mingine hukata viazi vya hapa jikoni kwao kila asubuhi. Hizo utazitambua kwa urefu usiolingana na vipande vya ganda vilivyobaki. Lakini Januari 2022 nchi nzima ilipata jibu la baadhi yao. KFC, iliyofungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011, iliishiwa na chipsi. Viazi vyao vilikuwa vikitoka Misri, na shehena ilichelewa kwa sababu ya msukosuko wa usafiri wakati wa korona. Kampuni ilieleza kwamba haiwezi kununua vya hapa mara moja, kwa sababu kila mwuzaji lazima kwanza apite ukaguzi wao wa ubora. Wakenya walikasirika, wakaitana mitandaoni kususia, na baadaye kampuni ilikubali kutafuta viazi vya wakulima wa Kenya.

Nilikasirika pia, ingawa sababu hiyo ya ukaguzi niliielewa. Kiazi ni zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Ukipanda kwenda Ol Kalou, Kinangop, Molo au Meru wakati wa mavuno, utaona magunia yamepangwa kando ya barabara, na bei imeanguka kiasi kwamba mkulima anauza ili tu yasiozee mikononi mwake. Nyandarua peke yake inaweza kulisha majiko mengi ya Nairobi. Na bado chipsi zilikuwa zikisafiri baharini kutoka Misri, zikiingia bila ushuru wa forodha kwa sababu nchi zote mbili zimo katika eneo huru la biashara la COMESA lililoanza mwaka 2000.

Naomba nikueleze nilichokiona. Niliwahi kusimama kwenye lango la kiwanda kimoja lori la viazi lilipofika. Utaratibu wetu ulikuwa kuchukua viazi kutoka magunia mbalimbali, kukata vipande, kuvikaanga kwa muda uliopimwa, kisha kuvilinganisha na kadi ya rangi. Siku hiyo vilitoka vyeusi, tukalikataa lori zima. Mwenye viazi alikuwa mzee aliyesafiri usiku kucha kutoka milimani. Akaniuliza, "Kwani viazi vyangu vina kasoro gani? Nyumbani tunavila." Nikampa kipande kimoja aonje. Alitafuna polepole, akasema kweli ni kichungu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sijalisahau: angejuaje? Alikuwa amepanda mbegu aliyoibakiza msimu uliopita, kama jirani zake wote. Alikuwa amechimba mapema kwa sababu ada ya shule ilidaiwa, na kiazi kilichochimbwa kichanga huwa na sukari nyingi. Kisha viazi vilikaa usiku ule wa baridi ya mlimani chini ya turubai. Mambo hayo yote yalimpunguzia nafasi ya kupata kiazi bora cha chipsi, na hakuna ofisa, mnunuzi wala sisi wa kiwanda tuliyewahi kumweleza hata moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia viazi vya Kenya havifai kwa chipsi za mikahawa, sikubali. Ardhi inafaa, mwinuko unafaa, na tayari wapo wakulima wa Bomet wanaolima viazi vya aina ya Dutch Robijn kwa ajili ya viwanda vya krispi. Kinachokosekana ni mbegu iliyothibitishwa, ambayo wakulima wachache sana huipata. Ghala lenye joto la wastani badala ya shimo au turubai. Na mkataba unaomfanya mkulima avumilie hadi ganda la kiazi likaze kabla ya kuchimba. Hata sheria ya mwaka 2019 ya kuuza viazi kwa gunia la kilo 50, ambayo ilikusudiwa kumkinga dhidi ya madalali wanaolishonea gunia nyongeza juu, bado inapuuzwa peupe. Mkulima anayepunjwa kwenye mizani hana sababu ya kungoja wiki tatu zaidi kwa ajili ya rangi ya chipsi za mtu asiyemjua.

Kabla sijaenda jikoni kwako, neno kuhusu ule weusi, kwa sababu unapita urembo. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa moto mkali huzalisha akrilamidi, kemikali ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wameiorodhesha tangu 1994 kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Huzalishwa na sukari zile zile zikikutana na asparajini, asidi amino iliyojaa kwenye kiazi. Sikuambii haya ili uwanyime watoto chipsi za Jumapili. Nakuambia ili uache kuwapa zilizoungua. Kaanga hadi dhahabu, usifikishe kahawia, na mafuta yasizidi nyuzi 175. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2017 zinasema hivyo hivyo.

Sasa nyumbani. Ukitaka kujua kama kiazi kina wanga wa kutosha, koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, ukitumbukize. Kikizama, kina wanga mwingi na kinafaa kwa chipsi. Kikielea, kina maji. Kipeleke kwenye mchuzi. Kata vipande vya unene wa kidole chako kidogo, vyote sawa, na vile vidogo vya pembeni uviweke kando kwa sababu ndivyo huungua kwanza. Vioshe hadi maji yatoke safi bila ukungu wa wanga, kisha viloweke nusu saa. Hapo umeanza kuiga kazi ya kiwanda.

Hatua inayofuata ndiyo watu huiruka, na naomba usiiruke. Chemsha maji, weka kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita, tumbukiza viazi, na uviache vichemke taratibu kama dakika saba au nane. Siki huzuia vipande visimeguke, kwa sababu asidi huikaza pektini inayoshikilia kuta za kiazi, na wakati huo maji ya moto yanaitoa sukari. Viepue, vitandaze juu ya kitambaa safi, viache hadi vikauke kabisa na mvuke uishe. Kipande chenye unyevu kikiingia kwenye mafuta huyapoza, na malalamiko yako ya tatu, yale ya kulegea, mara nyingi huanzia hapo.

Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, dakika nne au tano, hadi ziive bila kupata rangi. Zitoe zipoe, unaweza hata kuzigandisha siku hiyo, ukamalizia Jumapili. Mara ya pili mafuta yawe moto zaidi. Kama huna kipimajoto, chomeka ncha ya mwiko wa mti: vipovu vikitoka haraka kuuzunguka, mafuta yako tayari, yakianza kutoa moshi, umepita kiasi. Weka chache chache. Karai la nyumbani halina nguvu ya kikaangio cha mkahawa, na ukilijaza, joto huanguka na chipsi huanza kuchemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika. Dakika mbili au tatu zinatosha. Chumvi itiwe zikishatoka, na zisifunikwe wala kufungwa kwenye karatasi, kwa kuwa mvuke wake wenyewe utazilegeza.

Kuhusu ununuzi, muulize mama mboga wako viazi vilichimbwa lini kabla hujauliza bei. Akiwa na Markies, chukua hizo. Akiwa na Shangi tu, chukua zilizotoka shambani wiki hiyo, zisizo na chipukizi wala kijani, na zenye ganda lisilochubuka ukilisugua kwa kidole gumba. Zihifadhi gizani, penye hewa, mbali na friji. Na vile ambavyo tayari umeviweka humo, usivitupe. Vitoe, uviache wiki mbili au tatu kabatini kwenye joto la kawaida la nyumba, na sehemu ya ile sukari itarudi kuwa wanga. Kisha kaanga kipande kimoja kwanza. Kikitoka dhahabu, endelea na vingine. Kikitoka cheusi, siku hiyo wapikie mukimo.